Bibi Wawili, Jina Moja

Likizo ndefu ya mwaka jana nilikuwa nyumbani Lionja, Nachingwea, ufuta wa mwisho mwisho ukiingia ghalani. Chama chetu cha msingi kikanipa kazi ya kuhamishia daftari la mapokezi kwenye kompyuta. Si mnajua tena, ukisema kijijini unasoma kompyuta, umeshaajiriwa bila mshahara.

Nikafanya wanavyofanya wengi wetu: jedwali moja refu. Jina, simu, tarehe, kilo, bei, makato, malipo. Nikaiambia kompyuta ijumlishe kilo za kila jina, nikachapa orodha, ikabandikwa mlangoni pa ghala. Kesho yake ilikuwa iende benki.

Jioni akaja bibi jirani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Kilo zangu 62 umeziweka wapi?"

Nikatafuta. Yeye na bibi yangu mzaa baba wana jina moja, hata jina la baba ni moja. Bibi yangu alikuwa na kilo 137. Kwenye orodha kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye kilo 199. Jumla ya ghala zima ilikuwa sahihi hadi kilo ya mwisho, ndiyo maana sikushtuka. Sasa fikiria: pesa ya jirani inaingia akaunti ya bibi yangu, na aliyeandika orodha ni mimi. Kwenye kijiji chetu hapo hakuna atakayeamini habari ya kompyuta. Usiku ule nililinganisha kila mstari na stakabadhi kwa mkono, na orodha mpya ikaenda.

Baada ya hapo ndipo nikakaa kuunda kitu cha maana. Wazo lenyewe ni la zamani. Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM kule California, alilichapisha mwaka 1970: kila aina ya kitu iwe na jedwali lake, na majedwali yaunganishwe kwa thamani zilizomo ndani yake. Kwetu vitu ni vinne: wakulima, mizigo, minada, malipo.

Swali gumu ni moja, nini kinamtambulisha mkulima? Jina limeshatuumbua. Namba ya simu nilidhani ndiyo jibu, hadi nikakuta nyumba moja wakulima watatu wanatumia simu moja, tena ya mtoto aliyeko Mtwara. Na laini hubadilishwa. Basi nikampa kila mtu namba isiyo na maana yoyote: 1, 2, 3, kuendelea. Huo ndio ufunguo wa msingi. Uzuri wake ni huohuo wa kutokuwa na maana: mtu akiolewa, akihama, akibadili laini, namba haiguswi.

Jedwali la mizigo halina jina la mtu kabisa. Lina namba ya mkulima, tarehe, kilo, na namba ya mnada. Hizo namba mbili za watu wengine ndizo funguo za nje, na hifadhidata inakataa mzigo wa mkulima namba 900 kama hayupo. Namba ya mnada huachwa wazi mpaka mzigo uuzwe, maana katika stakabadhi ghalani mkulima anakabidhi leo na bei anaijua baadaye. Bei inakaa kwenye jedwali la minada, mahali pamoja tu. Awali niliirudia kwenye kila mzigo; karani akikosea mstari mmoja, watu wa mnada uleule wanakuwa na bei mbili. Kilo ziwe desimali kamili, si namba za kukadiria, la sivyo vijisenti vinapotea njiani. Kiasi anachostahili mtu sikihifadhi, kinakokotolewa. Ila malipo yaliyokwishafanyika yanaandikwa, kwa sababu hilo ni tukio, limetokea.

Seva ni kompyuta mpakato yangu ya zamani, kioo kimepasuka, Linux, Apache, PHP na MariaDB juu yake. Betri yake chakavu bado inahimili umeme ukikatika, hivyo mpakato ni afadhali kuliko ya mezani. Siku ya kwanza niliufunga mfuniko nikaondoka, ikalala usingizi, karani akabaki anashangaa. Kuna mpangilio wa kuizuia, usiusahau. Kwenye ruta niliitengea anwani ya kudumu, 192.168.1.10. Nyumbani kwetu ni hatua chache kutoka ghalani, Wi-Fi inafika, karani anaandika namba hizo kwenye simu yake na kazi inaendelea bila bando.

Kuifikia kutoka chuoni nilishindwa. Ruta yetu inatumia laini ya simu, na kampuni za simu mara nyingi huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, kwa hiyo kufungua mlango kwenye ruta hakusaidii. Sikuhangaika sana. Humo kuna simu na malipo ya watu, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. MariaDB nimeiambia isikilize mashine yenyewe tu, na kila jioni nakala inaingia kwenye flashi ambayo bibi anaifungia kwenye kasha la kanga zake.

Oktoba korosho zikaanza. Bibi jirani alipofika na gunia lake hakutaja jina. "Andika arobaini na moja," akamwambia karani, kisha akasimama pale mpaka alipoonyeshwa kwenye simu.