Wanamichezo wa Makoongwe Waenziwe Wangali Hai

Makoongwe ni kisiwa kidogo mbele ya bandari ya Mkoani, Pemba. Mchezaji wa hapa huvuka maji kwanza ndipo aufikie uwanja wa Mkoani, au ule wa Gombani kule Chake Chake. Ukumbi wa kuwaenzi watu kama hawa si lazima uwe jengo. Ukuta mmoja imara unatosha. Lakini anayetaka kuuanzisha ashike masharti haya.

Anzeni na wazee walio hai. Mfuateni mzee nyumbani kwake, rekodini sauti yake kwa simu, kisha msomeeni mlichoandika mpaka akiridhie. Mkichelewa, majina hupotea: Zanzibar ilitwaa Kombe la Chalenji, la soka la Afrika Mashariki na Kati, mwaka 1995 nchini Uganda. Waulizeni vijana wa leo wawatajie watatu tu wa kikosi kile. Wakishindwa, lawama ni yetu tuliokuwepo tusiandike.

Msiufanye mpira wa miguu kuwa mchezo pekee. Kisiwa cha wavuvi kinachosahau resi za ngalawa kimejikana chenyewe. Na mkiiandika ngalawa iliyoshinda, waandikeni wote waliokuwemo: aliyeshika usukani, aliyeshika demani, aliyening'inia kwenye mrengu, hata yule aliyekuwa akichota maji chomboni. Huyu wa mwisho ndiye husahauliwa kila mara, na bila yeye chombo kingezama. Wekeni pia mabingwa wa mchezo wa ng'ombe, mchezo ambao Pemba huucheza bila kumuua mnyama na unaodai wepesi na moyo mkubwa.

Msiwaache wanawake. Waliocheza nage na mpira wa pete wapo, na wengi wao sasa ni bibi zenu. Waulizeni.

Andikeni majina matatu, kisha lakabu. Zanzibar nzima inamjua mwanasoka Cannavaro. Kwenye kumbukumbu lazima asomeke Nadir Haroub Ali. Lakabu hufa na rika lililoitoa.

Msiandike sifa isiyo na mashahidi wawili. Mashahidi hao wasiwe wa nyumba moja.

Msimteue mtu kwa chama, ukoo wala fedha. Mjumbe wa kamati ya uteuzi atoke nje jina la ndugu yake linapojadiliwa. Mfadhili aandikwe kwenye daftari la hesabu na asomewe shukrani. Ukutani hana nafasi, hata kama ndiye aliyeulipia ukuta wenyewe.

Msichukue medali ya mtu. Ipigeni picha, muirudishe siku hiyo hiyo. Akiitoa kwa hiari yake, apewe hati yenye saini, na warithi wake wapate nakala.

Tumieni mbao ngumu, majina yachongwe. Pemba ina mafundi wa kuchonga. Bati na misumari ya chuma huliwa na hewa ya chumvi, na karatasi haivuki masika.

Siku ya uzinduzi, mwanamichezo atangulie. Akae mbele, aseme kwanza, na mgeni rasmi asubiri zamu yake. Aliye mgonjwa afuatwe kitandani kwake kabla ya shughuli, asomewe alichoandikiwa. Msimtume mtoto kumpelekea cheti.

Kosa likigunduliwa, lisahihishwe hadharani. Liandikwe daftarini pamoja na tarehe na jina la aliyelisahihisha, na daftari likae mahali ambapo mwanakijiji yeyote anaweza kulifungua bila kuomba ruhusa.