Mada ya 9: Seva ya Barua Pepe Nyumbani: Kuisimika na Kutafuta Hitilafu

Ukimaliza mada hii uweze:
(a) kueleza safari ya barua pepe hatua kwa hatua;
(b) kutaja hatua za kusimika seva kwenye kompyuta ya nyumbani;
(c) kutambua barua imekwama wapi, na kutoa sababu.

Lengo (c) ndilo linalowaangusha wengi. Mtahiniwa huorodhesha kila hitilafu anayoikumbuka, wakati swali limempa dalili za kupunguza orodha hiyo. Soma dalili kwanza.

1. Safari ya barua

Chukua barua ya karatasi inayotoka Sanje kwenda Ifakara. Posta huisafirisha na kuiweka katika sanduku. Mwenye sanduku huja kwa wakati wake, na ufunguo wake, akaichukua. Kusafirisha ni kazi moja, kuchukua ni kazi nyingine.

Barua pepe ni hivyo hivyo:

- SMTP ni itifaki ya kusafirisha. Ilichapishwa mwaka 1982 na inatumika hadi leo. Seva huzungumza na seva nyingine kupitia poti 25. Mtumiaji huikabidhi seva yake barua kupitia poti 587, kwa nenosiri.
- IMAP ni itifaki ya kusoma barua zilizomo kwenye sanduku. Poti yake salama ni 993.
- DNS ni kitabu cha anwani. Rekodi ya MX hutaja seva inayopokea barua za kikoa fulani. Rekodi ya A hutoa anwani ya IP ya seva hiyo.

Kwa hiyo mtu anaweza kusoma barua za zamani vizuri huku mpya haziingii. IMAP ni nzima. Tatizo liko upande wa SMTP au DNS.

2. Hatua za kusimika

Tuchukue kompyuta yenye Linux na kikoa cha mfano, mfano.co.tz.

1. Ipe kompyuta anwani ya kudumu ndani ya mtandao wa nyumbani, kwa mfano 192.168.1.10.
2. Sakinisha Postfix (kwa SMTP) na Dovecot (kwa IMAP).
3. Iambie Postfix jina la seva na kikoa inachopokelea barua.
4. Fungua akaunti za watumiaji, kila mmoja na nenosiri lake.
5. Andika rekodi za MX na A katika DNS ya kikoa.
6. Iamuru ruta ipeleke maombi ya poti 25 kwenye 192.168.1.10.
7. Jaribu kutuma na kupokea.

Tahadhari: usiiache seva ikubali kupitisha barua za mtu yeyote kwenda popote. Watuma barua taka huitafuta seva ya namna hiyo na kuitumia. Anwani yako ikishaingia katika orodha ya wakorofi, hata barua zako halali zitakataliwa.

3. Kutafuta hitilafu: anza ndani, toka nje

Jaribio la 1: Jitumie barua kwenye kompyuta hiyo hiyo. Isipofika, angalia kama Postfix inafanya kazi na kama diski imejaa. Usiguse ruta bado.

Jaribio la 2: Tuma kutoka kompyuta nyingine ya nyumbani. Ikishindikana wakati la kwanza lilifaulu, chunguza faiwoli na nenosiri.

Jaribio la 3: Tuma kutoka nje, kwa mfano kutoka akaunti ya Gmail. Ikishindikana, kagua MX, A na poti 25 ya ruta. Kisha linganisha anwani ya nje iliyoandikwa kwenye ruta na ile ambayo intaneti inaiona. Zikitofautiana, mtoa huduma amewagawia wateja wengi anwani moja. Anwani ya ruta inayoanzia 100.64 hadi 100.127 ni dalili ya hali hiyo, nayo ni ya kawaida kwenye mitandao ya simu. Hapo kufungua poti kwenye ruta hakusaidii. Dawa ni kupata anwani ya umma kwa mtoa huduma, au kukodi seva nje ya nyumba.

Jaribio la 4: Tuma kwenda nje. Ikikwama, huenda mtoa huduma amefunga poti 25 kwa wateja wa nyumbani ili kuzuia barua taka. Dawa ni kupitishia barua kwenye seva nyingine kwa poti 587. Ikifika lakini ikaangukia kwenye barua taka, kagua rekodi ya SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chako.

4. Soma namba ya jibu

- Inayoanza na 2: imekubaliwa.
- Inayoanza na 4: tatizo la muda, seva itajaribu tena.
- Inayoanza na 5: imekataliwa kabisa. Mfano, 550 mara nyingi ni sanduku lisilokuwepo.

Watahini hupenda suala la umeme. Bwawa la Kidatu lenye megawati 204 liko jirani na Sanje, lakini umeme wa nyumbani unaweza kukatika kama kwingine. Je, barua zilizotumwa wakati huo zimepotea? Kwa kawaida hapana. Seva ya mtumaji huziweka foleni na kujaribu tena. Postfix, isipobadilishwa, hujaribu kwa siku 5. Kukatika kwa saa 6 huchelewesha barua. Kukatika kwa wiki nzima huzirudisha kwa mtumaji.

5. Swali la mfano (alama 10)

Mwanafunzi wa Sanje amesimika seva nyumbani, akitumia intaneti ya mtandao wa simu. Barua kati ya kompyuta za nyumbani zinafika. Barua zake kwenda Gmail, zinazopitia seva nyingine kwa poti 587, zinafika. Barua kutoka nje haziingii, naye anasubiri jibu la maombi ya chuo.

(a) Taja sehemu mbili ambazo ni nzima, na uthibitishe. (alama 4)
(b) Toa sababu mbili zinazowezekana. (alama 4)
(c) Mshauri la kufanya leo kuhusu maombi yake. (alama 2)

Majibu:
(a) Postfix inafanya kazi, kwa kuwa barua za ndani zinafika. Njia ya kutoka nje ni nzima, kwa kuwa Gmail inapokea.
(b) Rekodi ya MX haipo au si sahihi. Anwani ya nje inatumiwa na wateja wengi, hivyo poti 25 haifikiki.
(c) Akiandikie chuo leo, akitoa anwani ya barua pepe inayopokea, kisha ndipo atengeneze seva. Seva inaweza kusubiri. Siku ya mwisho ya maombi haisubiri.

Aliyejibu (b) kwa kuandika "Postfix haijasakinishwa" hapati alama: dalili zimeshamkanusha.