Usipige Ramli! Mbinu za Maswali ya Kuchagua Jibu

Mitihani imekaribia na watu wanapiga msuli usiku na mchana. Wengi wakisikia karatasi ina maswali ya kuchagua jibu, wanashusha pumzi: "Aa, hayo rahisi bwana, jibu si liko pale pale?" Kweli liko pale pale, lakini limekaa na majirani watatu wanaofanana nalo. Hapo ndipo maksi zinapopotea.

Hebu tujaribu swali moja la saikolojia. Wanaosoma Biolojia watalitambua.

Mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, alimpa mbwa ishara fulani kila mara kabla ya chakula. Baadaye mbwa alitokwa mate kwa ishara tu, bila chakula. Kutokwa mate kwa ishara ile ni:
A. tabia ya kuzaliwa nayo
B. tabia ya kujifunza
C. dalili ya ugonjwa
D. tabia ya asili ya mbwa wote

Fanya hivi:

1. Funika majibu kwa mkono. Soma swali, jijibu kichwani, ndipo ufunue. Ukianza na majibu, utavutwa na lile lenye maneno uliyoyazoea.

2. Pigia mstari maneno madogo. Mtihani ukiwa wa Kiingereza, "not" au "except" inageuza swali zima.

3. Soma yote manne, halafu futa. C haihusiani na habari tuliyopewa. A na D zinasema kitu kimoja, na jibu ni moja tu, kwa hiyo zote mbili zinatoka. Imebaki B. Mbwa alijifunza.

4. Usiache wazi. Soma maelekezo kwanza. Kama jibu baya halipunguzi maksi, jaza. Kubahatisha kati ya manne ni nafasi moja kati ya nne. Ukishafuta mawili, ni moja kati ya mbili.

Je, nibadilishe jibu?

Umeshaambiwa: "Jibu la kwanza ndilo, usiliguse!" Ushauri huu umewanyima wengi maksi. Mwaka 2005, Justin Kruger na wenzake walichapisha uchunguzi wa karatasi za wanafunzi zaidi ya 1,500 wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Walitazama alama za ufutio. Katika kila majibu 100 yaliyobadilishwa, kama 51 yalitoka kwenye kosa kwenda kwenye sahihi. Kama 25 tu yaliharibika. Yaliyobaki yalitoka kosa moja kwenda jingine.

Mbona basi tunaamini kinyume? Kwa sababu jibu ulilokuwa nalo ukalifuta linauma sana, na kinachouma hakisahauliki. Lile uliloliokoa unalisahau siku hiyo hiyo. Basi, ukiwa na sababu (umesoma swali vibaya, umekumbuka kitu), badilisha. Ukiwa na woga tu, liache.

Moyo ukienda mbio

Mikono inatoka jasho, kichwa cheupe? Hujarogwa. Ni adrenalini, homoni inayouandaa mwili kwa hatari. Weka kalamu chini. Vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi, mara tano. Ruka swali hilo, anza na unaloliweza, kisha urudi. Na usiku wa kuamkia mtihani, lala! Ubongo huimarisha kumbukumbu usingizini. Anayekesha anajipunja mwenyewe.

Kazi yako ya leo

Chukua maswali kumi ya mitihani iliyopita. Usitosheke na kuchagua herufi. Kwa kila jibu ulilokataa, andika kwa nini si sahihi. Ukishindwa kueleza, hapo ndipo pa kurudia kusoma.

Kila la heri!