Mbwa au paka wa kumliwaza mzee: chagua kwa makini

Wazee wengi mijini hushinda peke yao nyumbani watoto wao wakiwa kazini. Mbwa au paka huwapunguzia upweke, na kumtembeza mbwa ni zoezi zuri kwa moyo na viungo.

Hata hivyo, usimletee mzazi wako mbwa mchanga. Huyo hurukaruka na kupita miguuni, na mzee akianguka anaweza kuvunjika nyonga. Afadhali mnyama aliyekomaa, mtulivu. Shirika la KSPCA jijini Nairobi huwapa watu walio tayari kuwatunza mbwa na paka wa aina hiyo.

Mnyama achanjwe kila mwaka dhidi ya kichaa cha mbwa na apewe dawa ya minyoo. Mzee mwenye kisukari asipuuze hata mkwaruzo mdogo, kwani kidonda chake huchelewa kupona.

Mzee akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitalini siku iyo hiyo adungwe chanjo. Msingoje dalili: zikishaonekana, ugonjwa huu huua karibu kila mara.

Mwisho, kubalianeni mapema ni nani atakayemlisha mnyama huyo iwapo mzee atalazwa.