Diwani Wetu na Sisi: Nani Anadaiwa Nini?



Kati ya viongozi wote tunaowachagua, diwani ndiye tunayekutana naye mara nyingi zaidi. Anaishi katani kwetu, anatibiwa zahanati tunayotibiwa, na huenda Jumapili tunaketi naye benchi moja kanisani. Ndiyo maana mlango wake hubishwa tangu alfajiri. Anayebisha amefiwa na hana pesa ya jeneza, mwingine anatafuta ada ya mtoto, vijana wanataka jezi, na kamati ya ujenzi imeleta barua ya harambee. Ni nadra sana kumwona mtu aliyefika kuuliza kwa nini fedha za choo cha shule zilipitishwa mwaka jana na choo hakijajengwa.

Katika somo hili tunataka kuonyesha jambo moja: mara nyingi tunamdai diwani asichopaswa kutupa, na tunaacha kumdai anachopaswa kutupa. Kosa hilo linamwumiza yeye, na linatuumiza sisi zaidi.

1. Diwani ni nani kisheria?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Ibara ya 145 na 146, inasema kwamba vyombo vya serikali za mitaa viwepo, na kwamba madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Si jambo la kuchukulia kirahisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mabaraza hayo yalifutwa, na mfumo wake wa sasa uliwekwa na sheria za mwaka 1982: Sheria Na. 7 kwa ajili ya wilaya na vijiji, na Sheria Na. 8 kwa ajili ya miji. Nchi yetu imewahi kuishi miaka kadhaa bila madiwani.

Diwani anachaguliwa na kata. Katika Baraza la Madiwani anapitisha bajeti, anatunga sheria ndogo na kusimamia utendaji wa halmashauri. Katani ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambamo wenyeviti wa vijiji au mitaa ni wajumbe. Kwa kifupi, kazi yake ni kusema kwa niaba yetu, kuamua pamoja na wenzake, na kuhoji. Kugawa pesa mfukoni mwake hakumo katika orodha hiyo.

2. Mizigo aliyobeba

Kwanza, anawasimamia watu ambao hakuwaajiri. Mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais. Wakuu wa idara ni wataalamu wenye shahada, wakati sheria inamtaka diwani ajue tu kusoma na kuandika. Hatudharau jambo hilo, kwa sababu hekima haipatikani chuoni peke yake. Lakini mkulima au fundi anayekabidhiwa kabrasha nene la bajeti siku chache kabla ya kikao anahitaji msaada ili ahoji kwa maana.

Pili, fedha nyingi za halmashauri hutoka Serikali Kuu zikiwa na matumizi yaliyokwisha kupangwa. Mapato ya ndani ni madogo, na vyanzo vyake vinaweza kuhamishwa. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulipelekwa Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 kodi hiyo hukatwa tunaponunua umeme wa LUKU. Mwananchi anamlaumu diwani kwa barabara ambayo baraza halina shilingi ya kuitengeneza.

Tatu, hawezi kugombea bila chama, na chama kinaweza kutomrudisha. Akihoji sana anaweza kuonekana msaliti. Akinyamaza, kata yake inaumia.

Nne ni mzigo tunaomtwisha sisi. Hana mshahara kama mtumishi wa umma, bali hulipwa posho. Nasi tunasema mkono mtupu haulambwi: asiyetoa tunamwita mchoyo, na uchaguzi ujao tunamtafuta mwenye mkono mrefu. Tujiulize kwa uaminifu: mtu wa posho anayetegemewa na kila msiba wa kata atazitoa wapi fedha hizo? Atakopa, au atauza shamba, au atakaa na mkandarasi mezani. Halafu siku ya kupokea jengo lenye nyufa, atasema nini mbele ya mkandarasi huyo? Tulipokula mkono wake, tulimziba mdomo. Kinachoonekana kama ukarimu wake, mara nyingine ni zahanati yetu tuliyoila vipande vipande.

3. Viti vitupu mkutanoni

Sheria inawapa wakazi wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na zaidi nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao ndio mamlaka ya juu kijijini. Unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Mijini ipo mikutano ya mitaa, na hata vikao vya Baraza la Madiwani huruhusu wananchi kuketi na kusikiliza.

Sehemu nyingi mikutano hii haiitishwi, au ikiitishwa hatuendi. Sababu tunazijua. Tangazo linatolewa jana jioni. Mkutano unawekwa saa ambazo mama yuko sokoni. Anayeuliza swali anaambiwa ni wa upinzani. Tena maoni yalitolewa mwaka juzi na hakuna aliyerudi kusema yaliishia wapi. Sababu hizi ni za kweli, lakini tukizikubali kuwa za kudumu, wachache wanaobaki ndio watakaoamua.

Mfano ni asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha kwa muda kwa sababu ya kasoro katika utoaji na urejeshaji. Vikundi hewa hustawi pale ambapo wanajumuiya hawajui nani ameomba na nani amepata.

4. Mwanga wa Maandiko na Mafundisho ya Kanisa

Katika Kutoka 18, Yethro anamwona Musa akichoka na watu wakichoka. Anamshauri aweke wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi, watu wanaomcha Mungu na wanaochukia rushwa. Mambo madogo yaamuliwe karibu na watu. Papa Pio XI, katika waraka wa Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, alifafanua wazo hilo kama kanuni ya auni: ngazi ya juu isinyang'anye kazi ambayo ngazi ya chini inaweza kuifanya. Lakini auni ina upande wa pili. Ngazi ya chini nayo iifanye kazi hiyo kweli.

Katika 1 Samweli 12, Samweli anasimama mbele ya taifa lote na kuuliza amechukua ng'ombe wa nani, na rushwa ya nani. Watu wanamjibu na kumshuhudia. Tuangalie vizuri: uwajibikaji ule uliwezekana kwa sababu watu walikuwepo. Kama wasingefika, Samweli angeuliza upepo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 75, unawasifu wanaojitoa kwa utumishi wa umma, na unawakumbusha raia haki na wajibu wa kupiga kura. Katekisimu, namba 1913 hadi 1917, inaongeza kwamba kushiriki ni wajibu wa kila mmoja kadiri ya nafasi yake. Wajibu huo hauishi siku ya kura.

5. Tufanye nini?

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zijue tarehe ya mkutano wa kijiji au mtaa na kuwahimiza wanajumuiya kuhudhuria, kila mmoja kama raia, bila sare ya chama.

Misiba na ada tusaidiane wenyewe kwa wenyewe kupitia jumuiya, ili diwani abaki huru.

Parokia itafakari upya mialiko ya harambee. Tukimketisha diwani mbele na kutangaza kiasi alichotoa, tunawafundisha waamini kumpima kwa bahasha.

WAWATA na VIWAWA waombe ufafanuzi wa mikopo katani, na Tume ya Haki na Amani iwasaidie waamini, na diwani mwenyewe akihitaji, kuisoma bajeti.

Kwa waseminari: Sheria ya Kanisa, kanuni 285 na 287, inawazuia makleri kushika madaraka ya kiserikali na kushiriki kikamilifu katika vyama vya siasa. Kazi yetu ni kuunda dhamiri, si kuteua wagombea.

Hitimisho

Diwani mwema hazaliwi na kampeni peke yake. Hulelewa na kata inayomwombea, inayompunguzia mizigo isiyo yake, na inayomwuliza maswali yaliyo yake.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Mara ya mwisho tulihudhuria lini mkutano wa kijiji au mtaa, na tuliuliza nini?
2. Tumewahi kumwomba diwani kitu gani, na je, kilikuwa kazi yake?
3. Ni swali gani moja tutampelekea mwezi huu?