Kinywa kichafu na maradhi ya utumbo

Madrasa, katika mlango wa udhu, tulifundishwa kuwa kupiga mswaki na kusukutua ni sunna. Leo tuangalie jambo ambalo wengi hatulijui: uchafu unaobaki kwenye fizi hauishii kwenye fizi.

Mtu mzima humeza mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na mate hayo hubeba bakteria wengi wa kinywani. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu, tindikali ya tumboni huwaua wengi wao. Wanaopenya huwakuta bakteria wenyeji wa utumbo, ambao hawawaachii nafasi. Lakini wenyeji hao wakipungua, kwa mfano kwa kutumia antibiotiki ovyo, wageni huweza kufanya makazi.

Uvimbe sugu wa utumbo

Haya ni maradhi ambayo kinga ya mwili huushambulia utumbo wenyewe. Makundi makubwa ni mawili: ugonjwa wa Crohn, na ule wa vidonda vya utumbo mpana. Dalili ni kuharisha kwa muda mrefu, damu kwenye choo, tumbo kusokota na kukonda. Wengine hupata vidonda mdomoni.

Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na wanasayansi wa Japani waliwapa panya mate ya wagonjwa wa Crohn. Bakteria aina ya Klebsiella waliweka makazi utumboni, na kwa panya wenye maumbile dhaifu wakaleta uvimbe. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kuwa panya wenye ugonjwa wa fizi huumwa utumbo zaidi.

Je, kutopiga mswaki ndiko kunakoleta ugonjwa huu? Hapana, hilo halijathibitishwa. Urithi na mambo mengine yamo. Wala mswaki si tiba yake; mgonjwa asiache dawa zake.

Tufanye nini?

1. Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi. Ramadhani, usilale baada ya daku bila kusafisha kinywa.

2. Fizi zinazotoka damu si jambo la kawaida. Nenda kliniki ya meno ukaondolewe ugaga.

3. Acha sigara. Huharibu fizi na huzidisha ugonjwa wa Crohn.

4. Usinunue antibiotiki bila kupimwa.

5. Ukiharisha zaidi ya wiki nne, au ukiona damu kwenye choo, usirudie dawa za amiba dukani kwa kubahatisha. Nenda hospitali, na umweleze tabibu hali ya kinywa chako pia.

Mama na baba, watoto huiga. Wakikuoneni mnapiga mswaki kila siku, nao watapiga.

Wabillahi tawfiq.