SOMO LA ORDINATERE: Sistemi mbili mu mashini moja, fishie tunazipata namna gani?



Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kutunza Windows 10 kwa kawaida. Ordinatere nyingi za zamani hazikubali Windows 11, basi kuko watu wanaoweka Linux pembeni ya Windows. Ni vizuri. Lakini mwanafunzi anaandika ripoti ya staji mu Linux, kesho yake anafungula Windows, haoni kitu. Anafikiri imepotea. Haikupotea! Iko palepale ku disiki. Tuone sababu.

1. Lupango moja, nyumba mbili

Disiki iko kama lupango iliyokatwa vipande. Kila sistemi iko na kipande chake na namna yake ya kupanga fishie. Windows inapanga kwa NTFS, iliyotoka mwaka 1993. Linux mara nyingi inapanga kwa ext4, iliyo tayari tangu 2008.

Mutoto wa Manika anaweza kusema Kisanga ao Kichokwe ku nyumba, Kiswahili ku soko, Kifaransa ku masomo. Linux iko vile: inasoma NTFS na kuandika mule. Windows inajua luga yake tu. Haisomi ext4 bila kuongezewa programu. Pengine ikiona kipande cha Linux inauliza kama unataka « Formater ». Angalisho: bonyeza « Annuler »! Ukikubali, kazi yote ya mule inafutika.

2. Windows inayolala

Tangu Windows 8 (2012), ukibonyeza « Arrêter », mara nyingi Windows haizimike kabisa. Inaandika ku disiki mambo iliyokuwa inakumbuka, kisha inalala. Ni kama mwalimu aliyetoka kidogo na kuacha kaye wazi ku meza. Ukiandika mule, yeye akirudi ataendelea bila kujua, na kazi itaharibika. Ndiyo maana Linux ikikuta hivi inafungula kipande kwa kusoma tu, ao inakatala. Usiilazimishe.

Dawa: mbele ya kwenda Linux, chagua « Redémarrer », sio « Arrêter ». Ao ondoa alama ku « Activer le démarrage rapide », mu mapango ya umeme ya Windows.

Kama kipande cha Windows kimefungwa na BitLocker, sherti ufunguo. Ule wa kurudishia uko na tarakimu 48. Uandike ku karatasi, uutunze mbali na mashini.

3. Kipande cha wote

Njia nzuri ni kukata kipande cha tatu, ambamo sistemi zote mbili zinaandika. Tutachagua mpangilio gani?

- FAT32: inasomwa fasi zote, lakini haipokei fishie moja inayofika GB 4.
- exFAT: haina kipimo hicho kidogo; Linux yenyewe inaijua vizuri tangu 2020.
- NTFS: iko na daftari ya ndani inayoandika mabadiliko ya mpangilio wa fishie mbele ya kuyafanya.

Hapa kwetu umeme unakatika gafula, na ordinatere ya meza haina batri. FAT32 na exFAT hazina daftari ile. Kwa hiyo, ku disiki ya ndani, NTFS njo bora. exFAT tuiachie kle za kubeba mufukoni, na kle tusiichomoe mbele ya kuiaga mashini.

4. Majina na saa

Linux inaona « Ripoti » na « ripoti » kuwa fishie mbili. Kwa Windows ni jina moja. Tena Windows haitaki alama kama : ? * mu jina. Andika herufi, tarakimu na kistari tu.

Linux inaweka mu mashini saa ya Greenwich, Windows inaisoma kama saa ya Kolwezi. Basi Windows inabaki nyuma saa mbili, na fishie mpya inaweza kuonekana ya zamani. Mbele ya kufuta moja, fungula zote mbili usome.

Maulizo

1. Kwa nini Windows haioni fishie za Linux?
2. « Arrêter » na « Redémarrer » zinapitana namna gani?
3. Mu lupango yenye umeme wa kukatikakatika, utachagua mpangilio gani? Toa sababu.

Wenye kumaliza mwaka huu, wekeni kopi ya pili ya ripoti ku kle leo, sio kesho.